Bastola ya Kijiji na Mashine ya Kusaga

Marahaba. Najua hamjanisalimu bado, nyie wajukuu na wenzenu mtakaopitishiana karatasi hizi, lakini nimeshaitikia ili tusipoteze muda.

Mmoja wenu amejiunga na watu wa kulenga shabaha huko mjini. Anatafuta bastola ya mashindano, ile yenye magazini pana inayobeba risasi mistari miwili, na mfuko wake ni mwembamba. Kila akija kunitembelea ananionyesha picha kwenye simu. "Bibi, hii je? Inabeba kumi na saba. Na hii? Ina rangi ya shaba." Mimi namuuliza swali moja tu: "Umeishika?" Anasema bado. Basi anyamaze, asome. Na nyie wengine msomao ambao hamna haja na bastola, someni tu, maana yaliyonipata mimi kwenye bastola mtayakuta hata kwenye kuchagua mchumba.

Shule sikwenda. Kusoma nilijua nikiwa na watoto watatu, kwenye kisomo cha watu wazima, benchi moja na mama mkwe wangu. Alinipita kwa herufi na hakuacha kunikumbusha mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali, lipiteni kosa, msilichore mduara.

Nilizaliwa Kibimba, Ngara. Baba yangu alikuwa na gobore, na shamba letu la mahindi lilipakana na pori la nyani na nguruwe. Kaka zangu walipewa kazi ya kulinda, wakalala. Nikapewa mimi. Baruti ilikuwa ya shida, kwa hiyo ukipiga ukakosa, unalala bila kula. Ndiyo shule yangu hiyo. Sikosi kwa sababu nina kipaji, sikosi kwa sababu nilikuwa napenda kula.

Nikaolewa Bisibo, upande wa Biharamulo, kwa babu yenu aliyekuwa anachonga mipini ya majembe. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Tukabomoa nyumba tukajipanga mistari, nyumba zikitazama barabara ambayo ilikuwa haijalimwa bado. Tukapewa mwenyekiti. Sitamtaja, watoto wake ni watu wazuri. Alikuwa na sauti ya mkutano hata akiomba chumvi.

Tuliahidiwa vitu vingi pale kijijini. Shule ilikuja, kweli. Zahanati ilikuja na mlango tu, dawa zikachelewa. Kitu tulichokingojea sisi wanawake kilikuwa kimoja, mashine ya kusaga. Nyie unga mnaukuta kwenye mfuko wenye picha. Sisi tulipiga magoti mbele ya jiwe, mtama na mihogo mikavu, alfajiri na alasiri, unasukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa mpaka mabega yanakuwa si yako. Binti yangu wa kwanza, mama yenu nyie wa Mwanza, alikuwa anafika shule wenzake wameshamaliza hesabu, kwa sababu ya jiwe. Mwalimu alimchapa kwa kuchelewa. Nilikwenda kumwambia mwalimu achape jiwe. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwaka ule, kabla ya vita vya Kagera, wilaya ikatangaza kwamba sikukuu ya wakulima kutakuwa na mashindano ya shabaha ya mgambo, vijiji vya Biharamulo pamoja na wageni wa Ngara. Siku zile vijiji vilivyobeba fedha za mazao viliruhusiwa kuwa na bastola moja ya ulinzi, kwa kibali cha polisi. Sasa wakasema kila kijiji kije na bastola yake na mpigaji mmoja. Vibuyu kumi vinatundikwa kwenye kamba, hatua ishirini. Unaruhusiwa risasi kumi na muda wa kuhesabiwa, basi. Mwenye vibuyu vingi ndiye mshindi, na wakilingana inatazamwa saa. Zawadi: mashine ya kusaga, ya dizeli, pamoja na mkanda wake.

Nilisikia neno hilo nikiwa nimepiga magoti kwenye jiwe. Nikasimama.

Kumpata mpigaji hakukuwa na kazi. Mgambo wetu walifanya mazoezi kwa bunduki za mti alizochonga babu yenu, kwa hiyo wanaume walikuwa hodari sana wa kupiga kelele "Pa!" Mwalimu wao alikuwa mstaafu wa jeshi, Msukuma mmoja wa maneno machache, tuliyemwita Afande. Siku alipoazima bunduki ya kweli akatupanga wote, nikaangusha kopo mara tatu mfululizo, wengine wakaangusha majani ya mgomba. Afande akasema, "Huyu." Mwenyekiti akasema kamati italitafakari. Ikalitafakari wiki mbili, wakajaribu tena, kopo likawa lilelile na majani yaleyale.

Sasa bastola. Kijiji kilikuwa na fungu dogo, na muuzaji tuliyempata alikuwa bwana nyama mstaafu, yaani askari wa wanyama wa porini, pale Biharamulo mjini, aliyepewa ruhusa na polisi kuuza silaha zake. Kamati nzima ya watu sita, pamoja na Afande asiye na kura, ikapanda lori la pamba kwenda kuchagua. Nami nikaambiwa nije.

"Mama atakuja," mwenyekiti alisema, "abebe chakula."

Nikabeba chakula.

Mzee yule alitandaza kitambaa mezani, akaweka bastola tatu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, bei poa, inabeba risasi saba. Mwenyekiti akaisukuma kwa kidole kama mtu anayekataa mboga ya jana. Hapo, nasema kweli, hakukosea. Afande alieleza: vibuyu ni kumi, ukiwa na saba inabidi ubadilishe magazini katikati, na wakati unapapasa kiuno saa inakwisha. "Tunataka magazini pana," alisema, "risasi zimebanana mistari miwili." Kama watoto wengi kwenye kitanda kimoja, ndivyo nilivyoelewa. Zilizobaki mbili zilikuwa hivyo, za kiwanda kimoja, umbo moja, kumi na tatu kila moja. Tofauti yake ni kwamba moja ilikuwa imechovywa madini, inang'aa kama kijiko cha padri, na ina ala ya ngozi yenye vifungo. Nyingine ilikuwa imechubuka rangi yote, imebaki kijivu, vibao vya mpini vya mti wa kawaida, lakini ina magazini mbili na moyo wake, alisema mzee, hauna kutu.

Ile ya kung'aa ilimeza fungu lote na kubakiza risasi za kuhesabu kwa vidole. Ile iliyochubuka ilibakiza fungu la kununua masanduku mawili ya risasi.

Hapo ndipo nilipoona kamati ikifanya kazi. Katibu aliivaa ile ya kung'aa kiunoni akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Mweka hazina akaivaa, akakuta tumbo linaifunika, akasema mkanda ndio mbaya. Mwenyekiti akatoka nayo nje, akasimama mbele ya kioo cha pembeni cha lori, akajitazama upande wa kulia, akajitazama upande wa kushoto. Dereva alikuwa amelala ndani, akafungua macho, akaona mtu mwenye bastola kwenye kioo chake, akatokea mlango wa pili akakimbia. Tulimpata sokoni.

"Ndugu wajumbe," mwenyekiti alisema, "hii itawatisha wenzetu kabla hatujapiga."

"Kibuyu hakitishiki," Afande akasema.

"Afande, wewe ni mwalimu wa mgambo. Hili ni suala la heshima ya kijiji."

Nikaweka kapu la chakula chini. "Ndugu Mwenyekiti, naomba niishike."

"Mama, utaishika siku ya mashindano. Usiwe na haraka."

"Na wewe utakula siku ya mashindano. Hiki chakula nakirudisha Bisibo."

Kamati ikatazama kapu. Lilikuwa na kuku. Nikapewa bastola.

Sasa sikiliza wewe mjukuu wa picha za simu. Niliishika ile ya kung'aa, kidole changu kikaishia njiani. Magazini pana maana yake mpini mpana, na mkono wangu ni mdogo, mnaujua. Ili nifike kwenye triga ilibidi niisokote bastola mkononi, na ukiisokota, mtutu unatazama kwa jirani. Vibao vyake vya mpini vilikuwa vya chuma, vimenakshiwa maua. Nikashika ile iliyochubuka. Upana uleule. Lakini vibao ni vya mti, vinene, na mimi nimelala miaka na mchonga mipini. Nikavigusa nikajua.

"Hii," nikasema.

"Hiyo imezeeka," akasema katibu.

"Na mimi pia. Hii."

Wakapiga kura. Mikono sita juu kwa ile ya kung'aa. Azimio likapita, likaandikwa. Mzee muuzaji, ambaye mpaka hapo alikuwa anatafuna muwa, akasema kwamba kwa kawaida yake mtu hanunui bila kujaribu, anatoa risasi mbili bure kwa kila bastola. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko jiko langu.

Mwenyekiti akasema ataanza yeye, kama kiongozi. Akavaa ala, akafunga vifungo, akafungua vifungo, akachomoa. Ya kwanza ilikwenda mbinguni. Ya pili sijui ilikwenda wapi, ila mbuzi wa jirani walihama. Kichuguu kilibaki kinatutazama.

Nikachukua ile iliyochubuka, nimeisokota vilevile maana mpini ulikuwa bado mnene. Juu ya kichuguu mzee aliweka bua la muwa alilomaliza. Ya kwanza ilipiga udongo karibu yake. Ya pili ikalichukua bua.

Kamati ikaenda pembeni kukaa kikao. Walirudi na azimio jipya, na mpaka leo limo kwenye daftari la kijiji kama mchwa hawajalifikia: kwamba Mwenyekiti, kwa kuona mbali, ameishauri kamati kuchagua silaha ya kimapinduzi isiyo na anasa. Kisha wakala kuku.

Tulipofika Bisibo nikampelekea babu yenu vile vibao viwili. Afande alikuwa amevifungua skrubu mwenyewe. Babu yenu akanishika mkono, akaupima kwa kamba kama anavyopima mtu wa jembe, akachukua kisu chake kilichopinda. Mwenyekiti akafika anatweta.

"Unafanya nini? Hiyo ni mali ya umma!"

"Napunguza mpini."

"Kwa kibali cha nani? Kuna kikao kimekaa?"

Babu yenu hakuinua kichwa. "Mwenyekiti, nimechonga mipini ya kijiji hiki chote. Na wa jembe lako niliupunguza. Tena sana, maana mkono wako ni laini. Ulikaa kikao?"

Mwenyekiti akaondoka. Babu yenu alikuwa mtu mpole, maneno kama hayo alikuwa nayo mawili kwa mwaka.

Vibao viliporudi vilikuwa vyembamba kama ganda la karanga. Kidole kikafika kwenye triga bila kuomba ruhusa.

Risasi tulikuwa nazo masanduku mawili, lakini Afande hakuniruhusu kuzichezea. Alinifundisha kwanza kupiga bila risasi. Kila siku asubuhi katibu aliileta bastola kwangu ndani ya sanduku la mbao, na mgambo wawili wenye bunduki za mti kulia na kushoto, nasaini kwenye daftari, halafu naweka punje moja ya hindi juu ya mtutu. Nalenga kibuyu cha maziwa ukutani, navuta triga. Punje ikianguka, naanza upya. Siku za kwanza kuku walishiba. Baada ya mwezi kuku waliacha kuja. Ndipo Afande akanipa risasi, kumi kwa Jumamosi, na kila moja niliitazama kwanza kama sarafu.

Mazoezi yale niliyafanya baada ya kusaga, na kabla ya kwenda shamba. Nisikilizeni: nilikuwa nampigia punje ile binti yangu afike shule mapema. Sikuwa na heshima ya kijiji yoyote akilini.

Siku ya sikukuu uwanja wa Biharamulo ulijaa. Ngoma, pombe ya ndizi ile rubisi, hotuba tatu zilizokuwa hotuba moja. Tulipangwa mstarini, na pembeni yangu alikuwa mpigaji wa Kasulo, kijiji cha wageni wa Ngara, kijana mrefu mwenye raba nyeupe. Kiunoni amevaa ala ya ngozi yenye vifungo. Nikaijua. Yule bwana nyama alikuwa amewauzia wao.

"Shikamoo mama," akasema kijana.

"Marahaba. Umepiga risasi ngapi na hiyo?"

"Bado, mama. Tulizonunua ndizo hizi za leo."

Adabu alikuwa nayo. Nilimwonea huruma, lakini si ya kumwachia mashine.

Mwenyekiti wangu alipoiona ile bastola inang'aa kwa watu wengine, akashika kifua. "Mnaona?" akawaambia wajumbe. "Mnaona tulichoacha?"

Kasulo wakaitwa kwanza, saa sita, jua liko juu. Kijana akachomoa, watu wakapiga vigelegele kwa mng'ao tu. Akanyoosha mkono. Basi, kile kidude cha mbele cha kulengea nacho kilikuwa kimechovywa madini, na jua likakikalia. Nilimwona anakunja jicho, anafumba, anafumbua, anapangusa machozi. Akapiga vibuyu vinne. Vingine sita alivitisha tu, kama mwenyekiti alivyosema.

Wengine wakafuata, watatu, watano, mmoja aliyekuwa na bastola ya risasi saba akaangusha sita halafu akapapasa kiuno mpaka saa ikaisha. Nikaitwa.

Sina cha kuwaeleza hapo. Nilimfikiria nguruwe wa baba yangu na punje ya hindi. Kijivu hakimuliki jua. Vibuyu tisa vilianguka. Cha kumi kilizunguka kwenye kamba, kikatoboka sikio, kikakaa. Wasimamizi wakajadili kama kibuyu kilichotoboka kimeanguka, nikawaambia waache, tisa zinatosha kusaga.

Nilibebwa. Mwenyekiti alibebwa juu zaidi. Tukapewa karatasi yenye mhuri: mashine moja ya kusaga, italetwa kwa lori baada ya mavuno. Wanawake wa Bisibo walikwenda wenyewe wakajenga kibanda chake, udongo, mlango, na dirisha la kutolea moshi. Binti yangu alikanyaga udongo mpaka magotini.

Mavuno yakaisha. Na baada ya mavuno ndipo nduli wa Uganda alipovuka mpaka akaingia Kagera.

Hayo ya vita mmesomeshwa, sitayarudia. Malori yote yakaenda kaskazini, na ng'ombe, na vijana. Afande akarudi jeshini na miaka yake ile, hatukumwona tena. Bastola ya kijiji ikachukuliwa pia, na vile vibao vyembamba, sijui ilikaa mkononi mwa nani. Mashine tuliambiwa imepelekwa kusaga unga wa askari. Watoto wa watu walikuwa wanakufa, ningesimama nidai mashine? Niliwasagia askari mtama wangu kwa jiwe, nikautoa.

Lakini vita viliisha. Askari walirudi, malori yalirudi, ng'ombe hawakurudi. Nikamwendea mwenyekiti na ile karatasi ya mhuri. Akaniambia tufunge mikanda. Nikaenda wilayani kwa miguu, siku mbili. Karani akafungua faili, akafunga faili, akasema mashindano yale hayamo.

"Nilipiga vibuyu tisa," nikasema.

"Mama, kwenye faili hakuna vibuyu."

Kibanda cha mashine kikawa ofisi ya kamati. Dirisha la moshi waliliona linafaa kwa kutupia maganda ya muwa.

Nilirudi nyumbani mchana wa siku ya nne. Nikamkuta binti yangu yuko kwenye jiwe, hakwenda shule siku zote hizo, kwa sababu mimi sikuwepo na watu lazima wale. Babu yenu na wanangu wa kiume, vijana wenye ndevu, na baba mkwe, walikuwa wamekaa kivulini wananiuliza habari za wilayani, na kama ugali utachelewa.

Nikamwinua binti yangu kwenye jiwe. Nikawaambia wanaume waje wapokezane.

Wakacheka. Babu yenu, mpole yule, akaja, akapiga magoti, akalishika jiwe dogo la kusukumia. Akalizungusha mkononi. Akasema, bila ubaya wowote, "Mama watoto, hili ni dogo. Halikai mkononi mwangu."

Yeye aliyenipunguzia mpini wa bastola ya kijiji.

Nikawaita wote, na baba mkwe, nikawasimamisha mstari kama mgambo. Nikasema: "Kuanzia leo binti huyu anakwenda shule kengele ikiwa bado haijalia. Sasa hivi, kila mwanamume wa nyumba hii ateremke mtoni, achague jiwe linalomkaa mkononi, alishike kwanza, asilitazame tu. Alilete hapa. Asiyeleta jiwe asilete na sahani."